Mwekezaji anataka kiwanja chetu cha Kariakoo. Tumpe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni ndugu sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita Kariakoo, aliyoijenga babu zamani za Mwingereza. Kiwanja ni mita 13 kwa 24. Mama bado anaishi humo pamoja na wapangaji watatu. Kulia na kushoto wameshapandisha maghorofa, nyuma yetu bado kuna nyumba ya chini. Sasa amekuja mwekezaji anataka tuingie ubia: yeye anajenga ghorofa kumi kwa pesa yake, sisi tunapata ghorofa mbili za juu kabisa na fremu mbili za maduka chini. Kaka anasema tusaini. Mama hasemi kitu. Mimi nauliza, jengo la namna hiyo lina faida kwetu? Na inawezekana kujenga kisasa pale pale bila kumvurugia mama maisha yake? Halafu babu aliacha mlango wa mbao wa kuchonga, tuufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na mama, maana katika barua nzima yeye ndiye hajasema kitu, na yeye ndiye anayeijua nyumba ile gizani.

Nyumba ya vyumba sita haina siri kwa mtu wa Dar. Mbele baraza, ukiingia korido, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukitokeza nyuma uko uani: jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia, pengine na banda lililogeuzwa stoo. Babu yako hakujenga nyumba ya familia moja. Alijenga nyumba ya kupangisha huku mwenyewe akiishi humo humo, na kila mlango wa korido ulikuwa kaya yake. Kwa hiyo mtu akikwambia kuishi kwa apatimenti ni ugeni Kariakoo, mcheke. Kariakoo inakaa kaya nne na tano chini ya bati moja tangu kabla hatujazaliwa. Kaya hizo zilivumiliana kwa sababu zilikuwa na ua. Pale watu walipikia, walianikia, walisutana na kupatanishwa. Maghorofa mengi yaliyoota mtaani kwenu miaka hii thelathini yamechukua vyumba vya ile nyumba yakavipanga juu kwa juu, ua likaachwa chini na kuzibwa kwa fremu.

Jibu langu kwa ufupi, kama una haraka: jengeni, lakini si jengo hilo, wala si kwa mkataba huo. Ua lipande juu pamoja na vyumba, na lionekane kwenye michoro itakayofungwa ndani ya mkataba. Mkataba unaotaja idadi ya ghorofa bila michoro haujakuahidi kitu.

Sasa nikueleze kwa nini kiwanja chenu ni kigumu. Mistari ya viwanja vya Kariakoo ilichorwa na Wajerumani miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya nyumba za chini za Waafrika. Mwingereza alipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 aliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili upande wenu utengane na Uhindini. Viwanja vilikatwa vidogo kwa sababu kilichotarajiwa juu yake ni boriti, udongo na paa la makuti au madebe. Leo tunasimamisha ghorofa kumi juu ya ramani ile ile, na kiwanja hakikuongezeka hata hatua moja.

Kuna jambo jingine wazee wa mtaa watakukumbusha. Mwaka 1971 ilitoka sheria ya kutwaa majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 iliingia mikononi mwa serikali, ikasimamiwa na Msajili wa Majumba mpaka ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mtu aliyekuwa na nyumba ndogo ya vyumba sita aliona usalama wake uko kwenye udogo. Biashara ilipofunguliwa, miaka ya mwisho ya 1980 na kuendelea, bei ya ardhi ya Kariakoo ikapaa na wenye nyumba hawana mtaji wa kujenga. Hapo ndipo alipozaliwa mwekezaji wa ubia: wewe una kiwanja, yeye ana saruji. Si mtu mbaya. Ila hesabu yake ni ya fremu, na ya kwenu inapaswa kuwa ya nyumba.

Tuchore basi. Mita 13 kwa 24 ni mita za mraba 312. Toa ngazi, lifti na korido, tuseme 50. Zimebaki 262. Mwekezaji anayekamua atakugawia nyumba nne za mita 65 kila ghorofa, mbili zinatazama barabara na mbili zinatazama nyuma. Kulia na kushoto kuta za majirani zimeshakuziba, kwa hiyo kila nyumba ina uso mmoja tu wa mita sita na nusu, halafu inazama ndani zaidi ya mita tisa. Sebule inachukua dirisha. Vyumba vya katikati vinabaki na kishimo cha hewa ambacho paka akitumbukia hageuki. Na zile mbili za nyuma zinaazima mwanga kwa jirani yenu wa nyuma, mpaka siku naye atakapopata mwekezaji wake.

Niliwahi kuitwa kukagua nyumba ya ghorofa ya nne, si mbali na kwenu. Mwenye nyumba alilalamika ukungu ukutani na mtoto anayekohoa. Nikafungua dirisha la chumba cha kulala, nikanyoosha mkono, nikagusa ukuta wa jirani. Haukupigwa plasta, tofali zinaonekana, saruji imechuruzika na kukaukia pale pale. Katikati pamekwama ndala moja na mfuko wa rambo. Ilikuwa saa saba mchana na taa inawaka. Mchoro uliopitishwa ulionyesha dirisha, na kweli dirisha lilikuwepo. Hakuna aliyedanganya. Kila jengo lilikuwa halali peke yake. Yalipokutana ndipo hewa ikaisha.

Na jiulizeni upande wa pili pia. Hao majirani wa kulia na kushoto waliojenga mpaka mwisho wa kiwanja, madirisha yao ya ubavuni yanapumulia ua la mama yako hivi leo. Mkijenga mtawaziba. Kisheria mna haki zenu, lakini subirini ugomvi.

Mimi ningefanya hivi. Ghorofa ya chini yote iwe biashara, hilo halina mjadala Kariakoo. Mbele, mita 13 zinatosha fremu tatu za mita tatu na nusu na lango la mita mbili na nusu linaloingia ndani. Fremu nyingine zifuate ubavuni mwa njia ya ndani. Lango la wakazi liwe lao, lisipite katikati ya mizigo ya watu. Kisha, kuanzia juu ya dari la maduka, ukate nafasi wazi ya mita 4 kwa 10 upande wa nyuma, ipande mpaka juu bila paa. Hilo ndilo ua. Zinabaki mita 222, nyumba mbili za mita 110 kila ghorofa, kila moja na vyumba vitatu vyenye madirisha ya kweli, na roshani pana kuelekea ua kwa ajili ya jiko, ndoo na kamba. Umepoteza mita 40 kati ya 262, kama asilimia 15. Mwekezaji atakwambia umemuua. Hujamuua, ile ya 65 yenye vyumba vya giza inaishia kupangishwa kama stoo, na nitakueleza hapa chini kwa nini hilo ni la kuogopwa.

Jengo lenye uso wa mbele na ua nyuma linapokea upepo na kuutoa. Dar es Salaam hatuna shida ya baridi, tuna shida ya hewa iliyosimama. Kusi inavuma sehemu kubwa ya mwaka, kaskazi inakuja kuanzia Desemba mpaka Machi. Dirisha moja peke yake haliuiti upepo wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea. Roshani ya ndani zaidi ya mita moja na nusu inakinga jua na mvua ya masika, na upande wa jua la alasiri ukuta wa matofali ya matundu unafanya kazi ambayo kiyoyozi kingekulipisha umeme kila mwezi. Si ujuzi mpya. Angalia maghorofa ya miaka ya 1950 na 1960 Upanga na mjini kati, yale yenye roshani za kivuli na sega la zege mbele ya ngazi. Au nenda kaangalie soko lenu wenyewe, alilolichora Beda Amuli miaka ya mwanzo ya 1970: paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, kivuli kikubwa, chini mpaka Shimoni, soko la chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini wazo lake la kivuli halikuungua. Halafu sisi tulioishi na jengo hilo mlangoni tukaja kufunga kioo cha bluu mbele ya kila ghorofa, kama vile jua limehama.

Kuna sharti moja gumu kwenye ua la kupanda. Likiwa na mita 4 tu upana, na jengo likienda ghorofa kumi, mtu wa ghorofa ya kwanza anatazama kisima cha karibu mita 30. Mwanga haufiki kule chini. Kwa kiwanja chenu nisingezidi sita au saba. La, kama mnataka kwenda juu zaidi, nendeni mkaongee na jirani wa nyuma kabla hajampata mwekezaji wake. Mkikubaliana kila mmoja aache mita 4 kwenye mpaka, kila mmoja anapata mita 8 za mwanga kwa gharama ya 4. Makubaliano hayo yaandikwe na kusajiliwa kwenye hati zote mbili, maana jirani mwema akifa warithi wake hawamjui rafiki yenu.

Nakuja kwenye stoo. Kariakoo nyumba ya kuishi ikikosa mwanga na hewa, mpangaji wake wa mwisho ni bidhaa. Mfanyabiashara wa fremu ya chini anapanga nyumba ya ghorofa ya tatu, anatoa makochi, anaingiza majora ya vitambaa mpaka darini. Sakafu ya nyumba ya kuishi hukokotolewa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba, zaidi ya uzito wake yenyewe. Majora yaliyopangwa kimo cha mita mbili yanaweza kupita kilo 800 kwa mita hiyo hiyo. Mhandisi hakukosea, nondo hazikuibwa, ila jengo linabeba mara nne ya ilichoambiwa. Kama mnajua ghorofa ya kwanza na ya pili zitakuwa maghala, na mimi nadhani zitakuwa, semeni mapema zikokotolewe kama maghala. Zege na nondo zitaongezeka, sawa. Na kwenye mkataba iandikwe kuanzia ghorofa ya tatu ni marufuku kuweka bidhaa.

Hili silisemi kukutisha. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Habari za wakati ule zilieleza kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo hapo hapo Kariakoo, watu wakiwa ndani na madukani, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mtaa wenu unafahamu kilio hicho kuliko mimi.

Kwa hiyo kabla ya mchoro wowote, udongo upimwe. Kariakoo imekaa juu ya mchanga, bonde la Msimbazi liko jirani na maji ya chini hayako mbali. Ukichimba ghorofa ya chini ya ardhi kwa ajili ya stoo, unashindana na maji kila masika na pia unaondoa udongo uliokuwa unashikilia misingi ya majirani. Mimi nasema msichimbe. Faida yake ndogo, hofu yake kubwa. Msanifu awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi na mkandarasi kwenye bodi zao, na majina yao yawe kwenye ubao wa mradi tangu siku ya kwanza. Kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji mkione wenyewe, mkihesabu ghorofa zilizoandikwa kwa kidole. Zege la kila ghorofa litolewe vipande vya kupima, vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28, na nakala ya majibu ije kwenu, isiishie kwa mwekezaji. Mkiwa wabia ni haki yenu. Msimruhusu apandishe ghorofa ya tano wakati majibu ya ya pili hayajatoka kwa sababu "fundi anangoja".

Sasa huo mgawo: ghorofa mbili za juu kabisa na fremu mbili. Kaka yako amesikia ghorofa mbili, mimi nimesikia neno juu. Za juu ndizo zinazojengwa mwisho. Pesa ikimwishia ghorofa ya nane, yeye ana fremu zake zinaingiza kodi na vilemba, yaani malipo ya kuingilia fremu, tangu mwaka wa pili, ninyi mna nondo zilizosimama angani. Na ikiwa zitajengwa, ndizo zinazopigwa na jua la paa, ndizo za mwisho kupata maji pampu ikiharibika, ndizo ambazo mama yako atazifikia kwa lifti au asizifikie kabisa. Kwa upande mwingine, Kariakoo fremu moja ya barabarani inaweza kuingiza kuliko nyumba kadhaa za juu zikijumlishwa. Mnapewa wingi wa eneo, yeye anabaki na wingi wa pesa.

Ombeni kinyume chake. Ghorofa ya kwanza ya makazi na ya pili yake ziwe zenu, na kwenye fremu mpate sehemu inayolingana na thamani ya ardhi mliyoleta. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa awape thamani ya kiwanja kabla ya kikao, kwa sababu mkikaa mezani bila namba, namba itakuwa ya kwake. Ghorofa yoyote itakayoongezwa juu ya kibali iandikwe ni ya nani, na jibu zuri ni kwamba haitaongezwa.

Mkataba wenyewe mpelekee wakili, hiyo si fani yangu. Ila katika kazi yangu nimeona familia mbili zikilia kwa jambo lile lile: hati halisi ilikabidhiwa kwa mwekezaji "kwa ajili ya kibali", ikaenda benki ikawekwa rehani. Hati isitoke mikononi mwenu bila wakili wenu kuandika imekwenda wapi na kwa nini. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 kila nyumba ndani ya ghorofa inaweza kupata hati yake yenyewe, na maeneo ya pamoja, yaani ngazi, lifti, paa na ua, yakawa ya wamiliki wote kupitia umoja wao. Liwekeni hilo kwenye mkataba tangu mwanzo: jengo likiisha, sehemu zigawanywe na hati zitoke. Na ua liandikwe kwa jina lake kama eneo la pamoja. Lisipoandikwa, baada ya miaka miwili utakuta limeezekwa bati na limepangishwa.

Kabla ya yote hayo, mirathi. Hujasema kama msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama. Kama bado, hakuna mwenye mamlaka ya kusaini, hata kaka. Kama mnafuata sheria ya Kiislamu, na babu na bibi wa upande wa baba wameshatangulia, mama ana thumuni yake, yaani moja ya nane, na kilichobaki mwanamume anachukua mara mbili ya mwanamke. Kwa ndugu wanne wa kike na wawili wa kiume, ukigawa mali mafungu 64, mama ana 8, kila dada ana 7, kila kaka ana 14. Jumlisha utaona zinatimia. Nimekuandikia kwa sababu ina uhusiano na ramani: nyumba nne za ghorofa mbili hazigawiki kwa 64. Amueni sasa nani anachukua nyumba na nani anachukua fungu la kodi ya fremu, msanifu achore akijua. Ndugu wanaogombania sebule baada ya jengo kuisha huishia kuuza kwa yule yule mwekezaji.

Umeuliza kama mama anaweza kubaki na maisha yake. Yote hapana. Ujenzi ni miaka miwili ukienda vizuri, na kodi ya mahali atakapohamia ailipe mwekezaji, iandikwe. Wale wapangaji watatu wapewe taarifa ya muda mrefu, na kama kuna aliyekaa hapo miaka mingi, fikirieni kumpa nafasi ya kwanza kwenye nyumba ndogo au fremu. Najua si lazima. Atakaporudi, ghorofa ya kwanza ya makazi yenye roshani inayotazama ua na upande wa pili inayotazama barabara itampa kitu kinachofanana na baraza. Ataona nani anapita. Muuza kahawa atamsikia. Ghorofa ya tisa hasikii mtu.

Na niseme la mwisho kuhusu ngazi, ambalo wasanifu wengi vijana hawalichori. Pimeni jeneza. Lina urefu wa mita mbili na zaidi, na lifti ya watu sita haliingii. Nimeshuhudia maiti ikishushwa kutoka ghorofa ya tano imesimamishwa wima kwenye kona ya ngazi, vijana wanahema, wazee chini wanageuza nyuso. Ngazi iwe na upana usiopungua mita 1.2, na kwenye kila kona kuwe na mita moja na nusu ya kugeukia. Juu ya paa acheni nusu wazi, na ukuta wa kimo cha kifua, kwa ajili ya sufuria za pilau na wanawake wa msiba. Matenki na jenereta zikae nusu nyingine. Zanzibar walipojengewa yale maghorofa marefu ya Michenzani, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nyumba nyingi za mitaa ya Ng'ambo zilivunjwa na watu wakapandishwa juu. Pita pale jioni leo: maisha yako chini, kwenye vibaraza na meza za biashara miguuni mwa majengo. Watu walitengeneza wenyewe walichosahauliwa. Kule walikuwa na nafasi ya kutengenezea. Kiwanja chenu hakina hiyo nafasi, kwa hiyo kisipochorwa hakitakuja.

Mlango sasa. Kwanza usiuze, na usiruhusu dalali yeyote "auhifadhi". Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940, na kwa umri wa nyumba yenu huenda wenu umo humo. Waulizeni Idara ya Mambo ya Kale kabla haujang'olewa. Wakija waonyesheni na fremu, maana bila fremu ni mbao mbili tu. Pili, usiwekwe kwenye lango la chini. Mlango wa namna ile unafunguka kwa ndani, una kizingiti cha kuruka, na njia ya kutokea watu wa ghorofa sita moto ukiwaka inataka mlango unaosukumwa kwenda nje. Uwekeni ghorofa ya kwanza ya makazi, mlango wa nyumba ya mama, kutoka kwenye ngazi. Mwambieni fundi apime sasa hivi, kabla nyumba haijavunjwa: upana, kimo, na unene wa fremu, kisha msanifu aache tundu la ukuta la kipimo hicho. Ukisubiri mpaka jengo liishe, utalazimika kuukata, na mbao ya umri ule ikikatwa haiungwi tena.